Gari Lililokuja na Maji Yake Yote

Kila moto alioufikia, neno lake la kwanza lilikuwa “subiri”, na ndilo lililomwachia jina. Kituoni, wazimamoto wenzake walimwita Subiri. Mkewe alimwita Subiri akitaka kumchokoza, na watoto wake walimwigiza anavyozunguka nyumbani akinusa soketi kama paka aliyesikia harufu ya samaki. Wasiwasi alikuwa nao tangu utotoni. Kazi ilimpa tu mahali pa kuutumia.

Mchana ule, mpokea simu alipotaja karakana ya kukereza vyuma nyuma ya duka la chumvi na nafaka, Subiri alikuwa wa kwanza kupanda garini. Duka lile lilikuwa la dada yake mkubwa, aliyemlea mama yao alipofariki. Ghala la dada na karakana ile vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, tena mwembamba.

Walikuta watu wamejaa barabarani. Fundi wa karakana alimkimbilia, mikono imejaa grisi.

“Ndani hamna mtu, kaka. Ni pipa la mabaki. Cheche za mashine ya kusagia vyuma zimeruka mle.”

“Mabaki ya nini?”

“Magnesiamu. Nilikuwa nachonga vifuniko vya injini.”

Subiri akaomba miwani myeusi ya kuchomelea, akachungulia mlangoni. Pipa lilikuwa kwenye kona, limeegemea ukuta wa dada yake. Nyuzi za madini zilizojaa ndani, nyembamba kama nywele, ziliwaka kwa mwanga mweupe usiotazamika. Juu yake bati la paa lilikuwa limeshatoboka, na kwenye tundu lile alikiona kipande cha wingu zito, jeusi.

Nyuma yake mwenzake, waliyemwita Mrefu, alikuwa ameshakunjua mpira wa maji.

“Subiri! Maji hapana. Hata tone.”

Mafunzoni, mkufunzi aliwahi kuwasimamisha mbali, akamimina kikombe kimoja cha maji, kwa mpini mrefu, juu ya konzi moja ya magnesiamu inayowaka. Kilisikika kishindo, uwanja ukawa mweupe, cheche zikanyesha. Moto wa namna ile huyavunja maji yenyewe na kuyageuza gesi ya kulipuka. Hufunikwa kwa kitu kikavu, ukaachwa ufe njaa ya hewa. Lakini mchanga mkavu ndani ya gari ulikuwa ndoo mbili tu, na lundo la mchanga wa waashi ng’ambo ya barabara lilikuwa limelowa mvua ya jana.

Watu wakaanza.

“Wamekuja bila maji tena hawa!”

“Jamani, wamekuja kuota moto!”

“Hilo gari ni la kupigia picha!”

Kwa mzimamoto hakuna tusi linalochoma kama hilo la kuja bila maji. Mrefu alilivumilia mara mbili. Mara ya tatu likamshinda. Akaelekeza mpira chini, akafungua. “Haya, maji haya hapa! Mmeyaona?”

Waliyaona. Subiri naye aliyaona, yakishika mteremko na kukimbilia kizingiti cha karakana. Alivua koti lake zito, akajitupa nalo kifudifudi mlangoni, akalikunja likawa tuta. Maji yakagonga koti, yakasita, yakakata kona kuelekea mtaroni. Mrefu alikuwa ameshafunga, uso umemshuka.

“Nisamehe, mkuu.”

“Baadaye. Lete makoleo.”

Alipoinuka, dada yake alikuwa mbele yake, kilemba kimelegea.

“Mdogo wangu, maji unayo, nimeyaona kwa macho yangu. Mbona unaangalia tu duka langu likiungua?”

“Dada, chumvi ya unga unayo kiasi gani?”

“Chumvi? Sasa ndiyo unataka kupika?”

Watu wakaangua kicheko. Subiri hakucheka. Dada akamtazama vile alivyokuwa akimtazama zamani, anapoamka usiku kusema amesikia kitu darini. Mara nyingi hakukuwa na kitu. Hata hivyo, kila mara dada alikwenda kutazama.

“Magunia yako ghalani,” akasema. “Ukutani pale pale. Chukua yote.”

Magunia yalikuwa ya moto kama mikate. Subiri na Mrefu waliyabeba, wakayapasua, wakaanza kumimina chumvi kwa makoleo ya mipini mirefu, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Ukitupa kwa nguvu, nyuzi zinaruka na moto unahama nazo. Mikono yake ilitaka kuharakisha. Aliikatalia.

Ndipo tone moja likamwangukia shingoni.

“Bati! Fundi, leta bati! Dereva, ngazi!”

Nje, dereva alipanda kwa ngazi ya gari, fundi akimsukumia bati kutoka chini. Tone la pili likaangukia pipani. Cheche zikaruka, Mrefu akarudi nyuma. “Endelea,” Subiri akasema, akimimina koleo jingine. Bati likaburutwa hadi juu ya tundu, na mvua ikaanza kulipiga kwa hasira.

Chumvi iliyeyuka, ikashikana, ikawa ganda. Weupe ukageuka wekundu, wekundu ukafifia. Hakuna aliyeshangilia, mvua ilikuwa imewatawanya wenye maneno.

Subiri aliketi kwenye kigoda cha fundi, akilitazama pipa. Chini ya ganda bado kulikuwa na moto wa kutosha kuanza upya, na asingeondoka hadi upoe kabisa. Dada yake akaja na mwavuli na sahani iliyofunikwa.

“Kula. Hakina chumvi, na unajua kwa nini.”

Akaweka kiganja ukutani, akakitoa haraka.

“Bado?”

“Bado, dada. Nitakaa hapa.”

“Kaa,” alisema, akivuta gunia tupu akalikalia pembeni yake. “Lakini soketi zangu usizinuse.”