Herufi Nene za Shangazi

Shangazi yangu, dada yake baba, anaandika mabango ya maduka kwa mkono. Ana aina moja tu ya herufi, na haibadilishi hata umbembelezeje. Mguu mmoja wa herufi ni mnene, upana wa vidole vitatu. Mwingine ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Na kila mguu ameuvalisha kiatu, kijistari kilicholala chini yake, nacho chembamba vilevile. Aliipata kwenye kichwa cha gazeti kuukuu lililofungia sabuni, alipokuwa msichana, akawa anaiiga ukutani kwa mkaa mpaka bibi akampigia kelele. Mteja akimwambia, "Andika ya kawaida tu," anamjibu, "Ya kawaida kaandike mwenyewe."

Mguu mnene hauna shida, ni brashi pana na subira. Kazi iko kwenye ule mwembamba. Anaegemeza mkono juu ya fimbo, anabana pumzi, anaivuta brashi ya nywele chache mara moja, bila kurudia. Hapo chumbani hakuna anayeongea.

Bibi alianza kupoteza macho akiwa na miaka hamsini. Vilianza kumpotea vitu vyembamba: tundu la sindano, mwiba wa samaki, halafu nyuso zetu. Shangazi mwaka huu ametimiza hamsini na moja. Hasemi kitu, lakini asubuhi nyingine anasimama uani, anafumba jicho moja na kuangalia kamba ya nguo, kisha anafumba la pili.

Ndipo mkunga wa mtaani kwetu akamwagiza bango.

"Nataka mama mwenye uchungu alione akiwa kituo cha basi, ng'ambo ya barabara," mkunga alisema.

"Nitakuandikia alione hata akifumba macho," shangazi akamjibu.

Siku nne alipiga magoti sakafuni juu ya ule ubao. NYUMBA YA UZAZI, nyeusi juu ya nyeupe. Sijaona kazi yake iliyotulia kama ile. Seremala akaupandisha juu ya mlango, nasi wote tukavuka barabara kuutazama.

Shangazi alitazama kwa muda mrefu. Akafumba jicho moja, akafumba la pili, akapangusa uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwani.

"Mnaonaje?" akauliza, sauti imeshuka.

"Mkono wako ni uleule, dada," seremala akasema.

"Mnaona yote? Mpaka ile mistari myembamba?"

"Yote! Yanasomeka kabisa," mkunga akadakia.

Hayakusomeka. Mistari yote myembamba ilikuwa imemezwa na weupe wa ubao. Shangazi amezoea milango ya maduka, mteja yuko hatua tatu tu. Barabara pana kama ile hakuwahi kuiandikia. Lakini nani angemwambia hivyo mtu aliyepiga magoti siku nne? Akanigeukia mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Akakaa kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Akatoa ile brashi ya nywele chache mfukoni, akaanza kuizungushia kitambaa, taratibu, kama kitu kinachokwenda kuwekwa chini kabisa sandukuni.

"Basi ni mimi," akasema. "Ni macho. Yameanza kama ya mama."

Seremala akaangalia viatu vyake. Tulikuwa tumeshadanganya, na hakuna aliyejua pa kuanzia kurudi nyuma.

Fundi cherehani mwenyewe ndiye aliyetokea, bunda la vitambaa begani. Ni mdogo wa marehemu mume wa shangazi, na hao wawili hawajawahi kusalimiana bila kutupiana maneno.

"Shemeji! Umemjengea mkunga ua wa kuku?"

"Nyamaza wewe!" mkunga akamkemea.

"Ninyamaze vipi na nguzo naziona? Tazama zile tano za mwisho. Moja imesimama, tatu zimelewa, moja imesimama."

Shangazi akainuka. "Rudia."

"Aa, shemeji, si utani tu..."

"Rudia! Mistari myembamba huioni?"

"Myembamba ipi?"

Shangazi akamshika bega, akamwelekeza kwenye pikipiki iliyoegeshwa chini ya bango. "Soma namba ile." Fundi akaanza kusoma. Katikati shangazi akampita, akaimaliza yeye, mpaka herufi ya mwisho. Kisha akatugeukia sisi watatu.

"Mlitaka kunizikia macho yangu yakiwa mazima?"

"Tulikuonea haya, dada," mkunga akasema. "Siku nne umepiga magoti."

"Magoti ni yangu!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa tena chini, machozi yanamtoka.

Alipomaliza akaagiza ngazi. Fundi akabaki ng'ambo ya barabara akipiga kelele, "Ongeza! Hiyo bado imelewa!" Mstari mmoja baada ya mwingine, shangazi akainenepesha ile myembamba mpaka ikawa kama kidole kidogo.

"Inaniuma," akasema kule juu, "kama kumvisha bibi harusi gunia."

Jua lilikuwa linamchoma shingo, lakini alikataa kushuka. Akatuamuru sisi watatu tuvuke tena. "Kila mmoja aniambie kibaya kimoja. Na asiniambie 'dada, mkono wako ni uleule.'"

Mkunga akasema kiatu cha Y kimepinda. Seremala akakohoa, akakiri kwamba ubao wenyewe umeinama kidogo upande wa kushoto, na aliyeuinamisha ni yeye. Zamu yangu ikafika.

"M," nikasema. "M imebanana na B."

Shangazi akairudisha shingo nyuma, akaitazama.

"Kweli," akasema, akachovya brashi.