Safaya ya Kuchongea Jiwe

Valvu mbili za mashine ya kusaga ya kina mama wa kijiji chetu zilirudishwa kazini na safaya. Jiwe lenyewe lilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi, rangi yake kijivu chenye ubuluu wa mbali, na mnunuzi mmoja wa madini mjini Mbinga alikuwa amelitupa barabarani mbele ya macho ya aliyemletea. Nilikuwepo siku lilipofungwa kwenye mashine ya fundi. Nilihesabu kila lilichofanya, kwa hiyo naweza kusimulia bila kukisia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni na kandambili. Kahawa ya Mbinga, ambayo tangu zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake, ilianza kununuliwa na watu waliokuja na magari yao wenyewe. Mabondeni watu waliacha majembe wakaenda kuchimba mawe ya rangi. Huku kwetu ziwani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Liuli, ruksa ilifika kwa sura ya injini ya dizeli. Aliyekuwa nayo aliweza kufungua mashine ya unga popote, bila kuandika barua kumi za kuomba kibali.

Kina mama wa kijiji chetu waliwahi. Walibeba mawe kutoka ufukweni kwa vichwa vyao, wakajenga chumba kimoja na veranda, wakapata injini iliyokwisha kutumika kwingine. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kuwa nilijua kuandika muhtasari wa kikao, walinifanya katibu. Mwenyekiti wetu alikuwa mjane wa miaka kama sitini, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu waliovuka mto. Kabla ya mashine ile alitwanga muhogo tangu utoto wake. Mtu akimuuliza habari za mgongo, alimjibu kwamba mgongo aliuacha kinuni.

Tatizo lilikuwa kiwanja. Chumba kilisimama kwenye ardhi ya kijiji, na mfanyabiashara mmoja wa Mbamba Bay, aliyekuwa na injini mpya ikiwa bado kwenye sanduku lake, aliomba apewe chumba hicho. Injini yetu ilikuwa imeanza kulala. Serikali ya kijiji ikaamua hivi: siku ya mkutano wa mwisho wa mwezi, Jumapili baada ya ibada, wajumbe watapita kwenye mashine. Wakiikuta inasaga, chumba ni cha kina mama. Wakiikuta imelala, chumba kitapewa mwenye injini.

“Nikitoka mle ndani,” mwenyekiti wetu aliwaambia, “nitatoka na mawe yangu. Mtabaki na bati.”

Walicheka, lakini uamuzi haukubadilika.

Ugonjwa wa injini ulijulikana. Ukizungusha hendeli, ilizunguka kirahisi kama pedali za baiskeli iliyokatika mnyororo. Pumzi ilikuwa ikitoroka kwenye valvu, vile vyuma viwili vyenye umbo la uyoga, kimoja kinachoruhusu hewa iingie na kingine kinachoruhusu moshi utoke. Kingo za uyoga zinapaswa kukaa sawasawa mahali pake na kuziba kabisa. Zetu zilikuwa zimeungua na kuliwa. Tulizipeleka Mbinga kwa fundi mwenye mashine ya kuzisaga, akazisaga, tukarudi nazo, injini ikafanya kazi siku tisa. Siku ya kumi ikalala tena.

Kwa hiyo tulipanda lori kwa mara ya pili, mimi na mwenyekiti, tumekaa juu ya magunia ya usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, valvu zimefungwa kwenye kipande cha kanga, na kipande cha injini zinapokaa kikiwa miguuni petu. Zilibaki siku sita kabla ya mkutano. Njiani nilimwambia kwamba safari hii hatutaacha kazi na kwenda sokoni. Tutakaa tuangalie.

Fundi alikuwa Mmatengo mtu mzima, mpole, mwenye vidole vilivyochubuka kila kimoja kwa namna yake. Kabla ya ruksa alikuwa ameajiriwa kwenye karakana kubwa. Ilipofungwa na vifaa vyake kuuzwa, yeye aliinunua ile mashine ya valvu aliyoizoea, akaifunga nyumbani kwake chini ya paa la bati, ikitumia jenereta ndogo.

“Shikamoo, Fundi,” nilisema.

“Marahaba, Mwalimu. Mmerudi.”

“Tumerudi na wagonjwa wale wale,” alisema mwenyekiti.

“Nyie watu wa ziwani mnasaga muhogo hadi injini inaomba maji.”

“Na nyie mnalima kahawa msiyoijua hata ladha yake. Fanya kazi, shemeji.”

Pembeni kulikuwa na mchimbaji wa madini, kijana wa kama miaka thelathini, ameketi juu ya pampu ya maji iliyoharibika akisubiri zamu yake. Alikuwa amevaa koti la suti lililojaa tope hadi kwenye viwiko.

Fundi alifunga valvu ya kwanza kwenye mashine. Upande mmoja valvu ilizunguka polepole, imelala mshazari. Upande wa pili jiwe la mviringo, la kijivu, lilizunguka kasi. Alivikutanisha, cheche zikatoka. Alipomaliza, aliniomba penseli. Alichora mistari sita mifupi kuvuka ukingo wa valvu, akaichomeka kwenye kipande cha injini tulichokuja nacho, ambacho valvu hukalia, akaizungusha kidogo na kuitoa. Alinieleza kwamba mahali valvu inapogusa, mstari hufutika. Isipogusa, mstari hubaki.

Niliinama kuangalia. Mistari miwili ilifutika. Minne ilibaki, yote upande mmoja.

“Fundi,” nilisema, “mara ya kwanza ulifanya hivi pia?”

 Alizima mashine, akasubiri jiwe lisimame, akanishika kidole changu na kukipitisha juu ya uso wa jiwe. Niliuhisi mwinuko katikati, kama tumbo.

“Jiwe halijanyooka,” alisema. “Likishakuwa na tumbo, kila linachosaga kinachukua tumbo hilo.”

Kisha akatuonyesha. Kando ya jiwe palikuwa na mkono mdogo wa chuma, unaotembea kwenye reli yake kuvuka uso wa jiwe, kushoto kwenda kulia na kurudi, bila kuyumba hata unywele. Kazi ya mkono ule ni kulichonga jiwe. Unauvuta taratibu jiwe likizunguka, nalo linakwanguliwa ngozi nyembamba, linabaki limenyooka na lenye meno mapya. Kwenye ncha ya mkono palikuwa na tundu tupu.

“Hapa panakaa pini,” alisema fundi. “Na pini ina almasi kwenye ncha.”

“Almasi?” mchimbaji aliinuka juu ya pampu yake.

“Nyeusi, ndogo kama kichwa cha njiti ya kibiriti. Mashine ilipouzwa pini haikuwepo. Kuna mtu alilisikia hilo neno, kama wewe sasa hivi.”

Tangu hapo alikuwa akilichonga jiwe kwa kulishikia kipande cha jiwe jingine kwa mkono. Mkono wa mtu hautembei kwenye reli. Valvu zilizotoka hapo ziliziba siku chache, kisha moshi ukapata pa kupita. Alituambia haya akitazama chini. Niliona kwamba hakuwa ametudanganya. Alikuwa amefanya alichoweza akitumaini kitadumu.

Mwenyekiti aliangalia lile tundu, kisha akamgeukia mchimbaji.

“Linatakiwa jiwe gumu tu? Si huyu hapa ana mawe?”

Mchimbaji alicheka. “Mama, safaya inapanda ndege. Haiendi kwenye mashine za muhogo.”

“Zako zimeshapanda?”

“Bado.”

“Basi zinasubiri nini? Tuone.”

Alisitasita, akatoa mfukoni kichupa cha dawa kilichozibwa kwa pamba. Ndani mlikuwa na vijiwe kama kumi. Alikitenga kimoja kwenye kiganja. “Hiki mnunuzi alikitupa barabarani. Anasema hakina maji, yaani hakipitishi mwanga, hakina rangi, kina nyufa. Nilikiokota kwa hasira tu.”

Fundi alikichukua, akakisogeza kwenye mwanga, akakikwaruza kwenye tupa. Tupa ilipata alama, kijiwe hakikupata.

“Kitafanya?” mwenyekiti aliuliza.

“Kidogo. Jiwe la mashine na hili ni ndugu, yametoka kwenye unga mmoja. Almasi ingelichonga miaka. Hili litachonga na lenyewe litachongeka.”

“Sisi tuna valvu mbili,” mwenyekiti alisema. “Hatuhitaji miaka.”

Mchimbaji alisema tuchukue, mradi pampu yake iwe ya kwanza baada ya hapo. Mwenyekiti alimwambia amepata baraka za kina mama wote wa ziwani. Kijana akasema angependelea samaki. Akaahidiwa usipa.

Fundi alichukua boliti, akaitoboa tundu kwenye ncha. Kutoka kwenye mashine mbovu ya kumenyea kahawa alikata kipande chembamba cha shaba, akakizungushia kijiwe kama anavyofunikwa mtoto, akakisukuma tunduni upande wenye kona ukitokeza. Kisha akazipiga kingo za tundu kwa nyundo ndogo, taratibu sana, hadi zikakibana. Kazi hiyo peke yake ilichukua muda wa kupika maharage.

Aliifunga boliti kwenye lile tundu la mkono, akawasha mashine. Alipouvuta mkono mara ya kwanza, sauti ilikuwa kali hadi kuku wa jirani wakakimbia. Unga mweupe ulianguka kwenye meza. Mara ya pili sauti ilipungua. Mara ya tatu ikawa ya mfululizo, bila kukatika. Alizima, akapitisha kidole, akanipa na mimi nipitishe. Tumbo lilikuwa limepungua, halijaisha. Kona ya kijiwe ilikuwa imekuwa bapa kama kucha. Akalegeza boliti, akaizungusha ili kona nyingine ikae mbele, akavuta tena mara nne. Sasa kidole hakikusikia kitu.

Valvu ya hewa ilisagwa. Nilichora mistari sita mwenyewe, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Akaichomeka, akaizungusha, akaitoa. Yote sita ilifutika. Mwenyekiti aliishika valvu kwa ncha za vidole na kuiweka kwenye kanga.

Ya moshi ndiyo inayoungua zaidi, na chuma chake ni kigumu zaidi. Jiwe lilishaziba meno kwa valvu ya kwanza, likahitaji kuchongwa tena. Fundi alileta mbele kona ya tatu, akavuta. Katikati ya safari ya kwanza tulisikia mlio mfupi, kijiwe kikapasuka na kipande kikaruka. Mchimbaji alikitafuta sakafuni kwa mazoea, akakipata, akakitia kichupani.

Kilichobaki kwenye boliti kilikuwa na kona moja, fupi. Fundi alifuta jasho.

“Niache hapa au niendelee? Likipasuka tena, jiwe litabaki na mfereji katikati, na valvu yenu hii sitaigusa.”

Alimuuliza mwenyekiti, si mimi. Niliona vidole vyake vimeifinya ile kanga.

“Endelea,” alisema. “Polepole.”

Aliuvuta mkono polepole hadi nikadhani haukuwa ukitembea. Aliupeleka mara moja, akaurudisha mara moja, akaacha. Kijiwe kilikuwa kimeisha hadi kwenye shaba. Valvu ikasagwa. Nilichora mistari. Mitano ilifutika. Wa sita ulibaki nusu, rangi ya penseli ikionekana kama ukope.

“Hii siahidi,” alisema fundi. “Inaweza kusaga hadi mavuno yajayo. Inaweza kusaga wiki.”

“Wiki inatosha kufika Jumapili,” alisema mwenyekiti. “Baada ya hapo tutaongea na hiyo nusu.”

Jumapili wajumbe walikuja na nguo za kanisani. Mfanyabiashara wa Mbamba Bay alisimama nao, ameshika leso. Fundi wa kijijini alishika hendeli. Mzunguko wa kwanza ulikaza hadi mishipa ya shingo ikamtoka, na hapo ndipo nilipojua pumzi imerudi. Kwenye mzunguko wa tatu injini ilikohoa, ikatoa pete ya moshi mweusi, ikashika. Mkanda ulianza kuvuta. Mwenyekiti alimwaga debe la kwanza la muhogo yeye mwenyewe, na unga ukatoka kwenye mfuko wa kitambaa ukiwa bado na joto. Kina mama walianza vigelegele, akawanyamazisha kwa mkono ili wajumbe wasikie injini.

Mwenyekiti wa kijiji alisikiliza kwa muda mrefu. “Itasaga hadi lini, mama?”

“Lete mahindi yako kesho uone. Na keshokutwa.”

Wajumbe walikwenda kando wakajadiliana. Mfanyabiashara alisema neno moja tu, kwamba yeye hana haraka. Kisha nikaombwa mimi niandike uamuzi, kwa kuwa karani wao alikuwa na mwandiko mbaya. Niliandika nilichotamkiwa: chumba kinabaki kwa kikundi cha kina mama, kwa muda. Nikainua kalamu nikauliza, muda gani?  Mjumbe mmoja akasema andika hivyo hivyo.

Injini ilisaga kesho yake, na keshokutwa, na ilikuwa bado inasaga muhogo wa msimu uliofuata nilipohamishiwa shule nyingine upande wa Lundo. Valvu ile ya moshi haikuwa imefunguliwa tena na mtu. Nimerudi mara kadhaa tangu hapo, na kila mara nimeomba kuona daftari la kijiji. Maneno ni yale yale, kwa mwandiko wangu, kwa muda, na hakuna aliyewahi kuongeza ni muda gani.