Barua ya Maandamano ya Mfalme

Siku yangu ya kwanza sakristiani, chumba cha vyombo vya ibada, niliungua vidole viwili. Nilikuwa kijana wa Lupaso, nimesoma hadi darasa la sita na kujiona msomi mbele ya watu wote. Bruda Mkuu wa Sakristia, Mzungu mwenye mikono ya seremala, alinipa chetezo, kile chombo cha minyororo cha kufukizia ubani, akaniambia nitie makaa. Nami nikayaokota kwa mkono, nikidhani yameshapoa.

"Damasi," akasema, wala hakucheka, "moto wa kanisani nao ni moto."

Hiyo ilikuwa misheni ya upande wa Masasi, miaka ya mwishomwisho ya Waingereza. Nilikaa pale miaka mitatu nikijifunza ufundi wa sakristani. Watu hudhani ni kufagia na kugonga kengele. Jaribu wewe kupiga pasi ya mkaa alba ya padre, ile kanzu ndefu nyeupe, bila kuacha doa! Jaribu kusafisha monstransi, chombo cha dhahabu kinachobeba Sakramenti, bila vidole vyako kugusa kioo. Lakini ufundi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa siku za sikukuu, tulipotoka nje mbele za watu. Mbele unakwenda msalaba, halafu bendera, wanawake, wanaume, waimbaji, chetezo, na nyuma yao padre na Sakramenti chini ya dari, kitambaa kilichoshikwa na watu wanne kwa miti minne. Bruda alinifundisha sheria moja akairudia mpaka nikachoka: vurugu ikitokea, sakristani haangalii mtu. Anaiondoa Sakramenti kwanza, mengine baadaye. Sheria hiyo niliishika barabara. Ndiyo iliyokuja kunificha.

Kisha nikahamishiwa juu, kwenye misheni moja ya uwanda wa Newala ambayo sitaitaja, kwa kuwa wajukuu wa watu wale wako hai. Huko maji yalikuwa shida, yanafuatwa bondeni kwa mtungi, na kila tone la kufulia vitambaa vya altare lilikuwa limepandishwa mlima kichwani mwa mwanamke. Nilimkuta Mzee Fabiani, aliyeitwa Baba Benedikta kwa jina la binti yake wa kwanza. Yeye ndiye alikuwa kiongozi wa njia, mshika msalaba wa mbele. Alikuwa Mmakonde mrefu, mkulima wa mihogo na mikorosho, na alipoinua ule msalaba hata Waislamu waliokuwa sokoni walisimama kwa heshima. Wao waliita shughuli yetu zafa ya Wakristo. Mapadre waliita prosesio. Jina lolote lilifaa, maana kila mtu aliiona. Ilitoka kanisani, ikapita kwa Liwali, ikazunguka soko lote, ikarudi, na watoto wamemwaga maua njia nzima.

Mzee Fabiani alinipenda kuliko nilivyostahili. Nilioa kule kule, na mke wangu alipokuwa mjamzito ni yeye aliyetuletea mihogo kila Jumamosi. Jambo moja tu lilinichekesha kwake: hakujua kusoma hata herufi moja. Nilipomtania, alinijibu, "Baba, mimi nasoma njia. Wewe soma karatasi."

Sasa nifike kwenye karatasi.

Mwaka ule sikukuu ya Kristu Mfalme ilikaribia Padre Mkuu akiwa hoi kwa homa, amelazwa hospitali ya misheni. Kila mwaka ni yeye aliyeliarifu boma kwa barua ya Kiingereza. Boma halikujibu, na kutojibu kwake tulikuhesabu ndiyo ruhusa. Padre Msaidizi alikuwa mgeni, Kiswahili chake cha kuokoteza. Akaniambia, "Damasi, wewe msomi, andika." Basi nikaandika. Neno prosesio nililiona la kigeni, na zafa ni la wenzetu, kwa hiyo nikatafuta Kiswahili safi. Niliyakariri maneno yale siku hiyohiyo, nayakumbuka hadi leo: "Tunaomba kuarifu kuwa Jumapili watu wote watafanya maandamano hadi sokoni ili kumtangaza Mfalme wetu." Chini, kwa kumheshimu, nikaandika: kiongozi wa maandamano, Fabiani. Nikatia na sahihi kwa mkono wangu, yenye mikia, maana niliona jina lake limestahili kupambwa. Sikumwambia.

Ujinga wangu haukuwa wa Kiswahili. Ulikuwa wa nyakati. Miezi ile habari za chama zilikuwa zimeanza kupanda uwandani, watu wakikutana na kunong'ona habari za uhuru, na serikali ilikwishaweka sharti kali kwa mikutano na maandamano. Neno lile lililokuwa zuri kinywani mwangu lilikuwa baruti mezani pa boma. Na mfalme? Waingereza wakati huo walikuwa na Malkia.

Jumapili tukatoka. Jua la Oktoba, vumbi jekundu, harufu ya mabibo yaliyoiva. Tulipokunja kona ya soko tukawakuta askari wamejipanga na virungu, na mbele yao Bwana Shauri, ofisa Mwingereza wa boma, na karani wake. Nyimbo zikafa safu baada ya safu, kutoka mbele hadi nyuma.

"Mfalme gani huyu?" Bwana Shauri aliuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Hapa Malkia tu."

Mzee Fabiani alijibu kwa adabu, msalaba mkononi, "Mfalme wetu hakai Ulaya, bwana."

Alisema kweli tupu, na kila mwanakatekisimu angejibu hivyo. Karani alipomtafsiria, niliona uso wa Bwana Shauri unabadilika. Akaitoa barua yangu mfukoni. "Nani ameandika hii?"

Nilikuwa nimepenya kati ya safu hadi hatua kumi nyuma ya msalaba, chetezo mkononi, moshi ukinipanda machoni. Mzee Fabiani aligeuka. Alitazama safu zote, akanifikia mimi, akanipita, akamrudia Bwana Shauri.

"Jina lililo pale ni langu, bwana."

Virungu vikaanza. Nikaikumbuka sheria ya Bruda. Nikarudi nyuma kwa Padre Msaidizi, nikamshika mkono, nikaivuta dari, tukairudisha Sakramenti kanisani mbio, na nyuma yangu nikasikia msalaba wa mti ukianguka chini. Waumini walinisifu wiki nzima. Eti Damasi ameokoa Sakramenti.

Mzee Fabiani alifungwa miezi sita na kazi ngumu, akapelekwa gereza la pwani. Krismasi haikufika. Tarishi alileta habari kwamba amekufa kwa kuhara damu na ameshazikwa hukohuko. Mimi ndiye niliyegonga kengele ya msiba. Padre Mkuu aliporudi aliniita ofisini, akauliza, "Barua aliandika nani?" Nikasema, "Sijui, Padre." Akanitazama sana. Mwaka uliofuata akaamuru sikukuu zizunguke kanisa tu, ndani ya uzio wa minyaa.

Mpaka leo ziko ndani ya uzio. Nimestaafu tangu magoti yalipokataa kupanda ngazi ya altare. Nawaona vijana wamevaa fulana za sare, spika zimefungwa juu ya pikapu, simu zimeinuliwa juu zikipiga picha. Picha zinafika Dar es Salaam kabla padre hajatoa baraka, lakini mama muuza samaki hapo sokoni hajui kama leo ni sikukuu. Husikia kelele tu nyuma ya ukuta. Watu wanasema imani imepoa. Siyo imani. Njia ile niliifunga mimi.

Mwaka jana katibu wa vijana alikuja kwangu. "Shikamoo babu. Tunataka safari hii twende mpaka sokoni. Tunaomba utusahihishie Kiswahili cha barua ya polisi." Nikavaa miwani. Mstari wa kwanza: maandamano ya Kristu Mfalme. Nikausoma mara tatu. Nikamwambia ni sahihi kabisa, naye akaenda zake kwa furaha.

Nami nikachukua fimbo, nikaenda kwa Bibi Benedikta, binti wa Mzee Fabiani. Nilimkuta uani anabangua korosho. Nikasimama mbele yake nikasema yote, pamoja na sahihi na mikia yake.

Hakuinua kichwa.

"Nnajua," akasema. "Baba alikuwa hajui kuandika, nani hapa hakujua hilo? Tulipompelekea chakula mahabusu mama alimsihi awaambie tu, atoke. Akakataa. Akasema, msimtaje Damasi, mkewe ana mimba. Atakuja kusema mwenyewe."

"Benedikta..."

"Mama alikungoja. Kila Kristu Mfalme alikuwa anafagia uwanja, anakutolea kiti. Akakungoja mpaka akafa."

Akachukua korosho nyingine, akaigonga. Hakuniambia niondoke, wala hakuniambia niketi.