Kabati Lililovua Magurudumu

Baba yake alikuwa seremala wa majeneza, na kila alipoulizwa alijifunza wapi kufunga mitambo ya simu ya kupelekwa ng'ambo, Mama Kasha alijibu bila kupepesa macho: "Kwa marehemu. Ila wateja wa baba walikuwa na adabu. Hakuna hata mmoja aliyepiga simu kusema amefika na ufa."

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mfupi, mabega ya mbeba magunia, na penseli iliyokaa nyuma ya sikio muda mrefu hadi sikio lenyewe likajifunza kupinda. Banda lake lilikuwa nyuma ya kampuni iliyounda makabati ya mitambo ya simu: masanduku ya chuma marefu kuliko mlango wa nyumba, yaliyojaa kadi za umeme zilizopangwa kama mikate kwenye rafu za duka. Kabati moja kama hilo hubeba maongezi ya mji mzima, mapenzi na matusi pamoja. Lina uzito wa ng'ombe wawili na moyo wa yai. Ukiligonga vibaya, kadi moja inachomoka kwa unene wa ukucha, na huko linakokwenda watu laki moja wanabaki kusema "haloo, haloo" kama vichaa.

Kazi ya Mama Kasha ilikuwa kuhakikisha yai linafika. Kila kabati alilijengea kasha la plaiwudi, akalikalisha juu ya mipira mizito inayomeza mitikisiko, akalifunga mikanda, akabandika stika yenye kichupa kidogo cha kioo kinachogeuka chekundu mzigo ukigongwa au ukilazwa. Stika hiyo haina mdomo lakini ni mbea kuliko jirani. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna kasha lake lililowahi kurudi na kioo chekundu, jambo alilolitaja mara kwa mara, kwa sauti kubwa, hasa pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Nyumbani ugonjwa ulimfuata. Mumewe, kinyozi mpole, aliwaambia wateja wake kwamba kwake hata rimoti ya televisheni ina koti la sponji, na kwamba anaogopa kulala usingizi mzito, asije akaamka amefungwa mikanda na kubandikwa mshale wa "upande huu juu".

Jumanne moja asubuhi meneja wa usafirishaji alishuka bandani. Kijana wa miaka thelathini na mmoja, shahada mbili, viatu vilivyochongoka mbele kama vya kuchokolea mchwa. Nyuma ya mgongo wake walimwita Bwana Jedwali, kwa sababu kwake kila kitu duniani ama kimo kwenye jedwali la kompyuta yake, ama hakipo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, meneja. Leo umeshuka mwenyewe? Huko juu umeme umekatika?"

Bwana Jedwali alicheka kidogo, cheko la mtu mwenye habari mbaya mfukoni. Kulikuwa na kabati la kilo mia sita na arobaini, alisema. Mji mmoja ng'ambo kabati lao limeungua, simu zote kimya. Ndege ya mizigo inaondoka Alhamisi saa nne asubuhi, na nyingine ya aina hiyo haipo hadi wiki tatu zipite.

"Na kuna jingine," akasema, akitazama viatu vyake. "Kampuni moja ya nje imetuletea katalogi. Wao makasha wanayo tayari, unachagua tu kama shati. Bosi mkubwa anasema tulitazame hili la Alhamisi. Likikosa ndege, au likifika limevunjika, banda linafungwa. Wewe na mafundi wako wawili..."

"Tunafungwa pia?"

"Mnapumzishwa."

"Neno tamu hilo," alisema Mama Kasha. "Baba alikuwa analichonga kwenye mifuniko. Haya, lete fomu."

Aliisoma kwa mkono mmoja, mwingine umeshika msumeno. Alipofika katikati akauweka msumeno chini.

"Meneja, hiki kimo, sentimita mia mbili na kumi, ni cha nani?"

"Cha kabati."

"Likiwa uchi?"

Bwana Jedwali hakuelewa, au alielewa akatamani asielewe. Alikuwa ameandikisha nafasi kwenye ndege kwa vipimo vya kabati tupu. Kasha halikuwemo kwenye jedwali, kwa hiyo halikuwemo duniani. Na chini ya fomu, wakala wa ndege alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba mlango unapitisha sentimita mia mbili na thelathini, haizidi hata unywele.

Mama Kasha alichomoa penseli akapiga hesabu juu ya kipande cha plaiwudi, huku akisoma kwa sauti ili mwenye shahada mbili asipitwe. Magogo ya chini, ambamo foklifti inaingiza uma zake, kumi na mbili. Mipira, sita. Kabati, mia mbili na kumi. Nafasi ya kichwa, nne. Mfuniko, tatu. Jumla, mia mbili thelathini na tano.

"Zimezidi tano tu!" alisema Bwana Jedwali kwa matumaini.

"Tano tu. Uende ukaubembeleze mlango wa ndege."

"Sasa, mama, hiyo mipira si ni sita? Tukiitoa tunabaki na mia mbili ishirini na tisa. Tumeingia!"

"Na wewe nikikutoa magoti utaingia kwenye droo. Utatembea?"

"Basi tulilaze."

Mama Kasha alichukua stika moja mpya, akailaza kiganjani pake, na kile kichupa kikageuka chekundu mbele ya macho ya meneja. Akaibandika kwenye mfuko wa shati safi la kijana. "Kumbukumbu," akasema. "Panda juu ukawaambie Alhamisi kabati linaondoka, limesimama, na sentimita zake sita za mipira."

"Utafanyaje?"

"Hilo bado sijui. Kuondoka litaondoka."

Ndivyo alivyokuwa. Wapo watu wanaojiamini kwa sababu wanajua jibu. Yeye alijiamini kwanza, jibu likaja baadaye likihema.

Saa tano kabati lililetwa kutoka ukumbi wa kuundia. Mleta alikuwa dereva wa foklifti, mdogo wa mumewe, aliyeitwa Breki kutokana na kitu ambacho hakuwahi kuonekana akikitumia. Siku hiyo foklifti alikuwa ameiacha nje. Alilisukuma kabati kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika simu, anacheka na mtu.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Nasikia mnapumzishwa. Nianze kumtafutia kaka mke mwenye kazi?"

"Mtafutie. Ukimpata mwenye moyo wa kuishi na ukoo wenu nishtue, nikampe pole mapema."

Mafundi wawili walicheka hadi wakaacha randa. Mama Kasha yeye alikuwa ameganda, anaangalia mkono wa Breki.

"Hebu rudi nalo mlangoni."

"Nirudi nalo?"

"Rudi, shemeji. Halafu lilete tena. Vilevile, kwa mkono mmoja."

Breki akarudi nalo, akalileta. Kilo mia sita na arobaini, kwa mkono mmoja wa mtu ambaye nyumbani ndoo ya maji humvunja kiuno. Mama Kasha alipiga magoti, akafungua sketi ya bati iliyozunguka chini ya kabati, akaingiza kichwa, na walichosikia kutoka humo kilikuwa kicheko.

Magurudumu manne. Ya chuma, manene, kila moja na kikono chake na bolti zake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameyafunga ndani ya kasha, akayawekea kabari yasitembee, akayasafirisha mabara yote, na hakuwahi kuuliza ni ya nini. Alipotoka humo uso ulikuwa na grisi, na alijicheka mwenyewe kabla hajapata mtu mwingine wa kumcheka.

Alimpigia injinia wa ukumbi wa kuundia, sauti ikasikika banda zima.

"Injinia, makabati yakifika kwa mteja, haya magurudumu yana kazi gani?"

"Kwa mteja? Hayana. Kule wanalifunga sakafuni kwa bolti nne. Hayo tunayaweka ili tuweze kulitoa humu ukumbini."

"Nikiyatoa, kuna kitakachoharibika?"

"Hakuna. Kwani mlikuwa mnayapeleka?"

"Tulikuwa tunayatembeza, injinia. Yameona dunia kuliko mimi na wewe."

Walilinyanyua kabati kwa winchi ya mnyororo, kidogo kidogo, mikanda minne ikilia kwa uzito. Bwana Jedwali alikuwa ameshuka tena, stika nyekundu bado imebandikwa mfukoni, na alisimama mbali kana kwamba hofu ina mipaka ya mita tatu. Mama Kasha aliingia chini na spana. Bolti kumi na sita. Walipolishusha, akalipima: mia mbili na moja.

"Lakini mchoro unasema mia mbili na kumi," alisema Bwana Jedwali kwa sauti ndogo.

"Mchoro umelipima likiwa na viatu. Jumla sasa ni mia mbili ishirini na sita. Tuna nne za kumwachia mwenye ndege asante."

Jumatano mchana kasha lilikuwa limesimama, limebaki mfuniko. Hapo kulikuwa na jaribio lake, alilolifanya kwa kila mzigo na ambalo halikuandikwa kwenye mwongozo wowote. Aliweka juu ya kichwa cha kabati chupa tupu ya dawa ya kikohozi, imesimama, kisha Breki akalibeba kasha kwa foklifti na kulizungusha uani mara moja, pamoja na kuvuka mtaro wa maji. Chupa ikisimama, mzigo unaondoka. Ikianguka, kazi inaanza upya.

Breki alizunguka. Alivuka mtaro. Mama Kasha akapanda ngazi, akachungulia.

Chupa ilikuwa imelala.

Bwana Jedwali alitoa simu, akairudisha mfukoni, akaitoa tena. "Si mimi, shemeji," alisema Breki, akiruka chini. "Naapa leo nimetumia hata breki."

"Nimekuona. Nilidhani nimekosea mtu."

Alibaki juu ya ngazi, penseli mdomoni, akiangalia upande chupa ilikoelekea. Kushoto. Alishuka akabonyeza mipira kwa dole gumba, mmoja mmoja, akarudia ya kushoto. Zamani magurudumu, kila moja kwenye kona yake, yaligawa uzito sawasawa juu ya mipira. Sasa kabati lilikuwa limekalia mipira kwa makalio yake yenyewe, na kabati hili, kama watu wengi wa makamo, lilikuwa na kalio moja zito: kushoto ndiko kulikokaa vyuma vya kusambazia umeme.

"Mipira migumu kushoto, milaini kulia," aliwaambia mafundi. "Unene uleule. Nyanyueni tena."

"Mama, muda..." alianza Bwana Jedwali.

"Muda ninao hadi kesho saa nne. Wewe vua koti ushike mnyororo, usisimame hapo kama risiti."

Akavua. Akashika. Kwa mtu mwenye viatu vile alivuta vizuri, na kufikia saa kumi alikuwa na grisi hadi kwenye nyusi, akiuliza maswali ya maana. Breki alizunguka tena, akavuka mtaro mara mbili, ya pili kwa uchokozi tu. Chupa ilisimama wima kama askari wa gwaride.

Alhamisi ndege iliondoka nalo. Wengine bandani walihesabu siku na kulala vibaya. Mama Kasha alilala kama gogo na kuanza kulikatia mbao kasha linalofuata, ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliagiza. Fundi mmoja alimuuliza, na ikiwa banda litafungwa, kasha hili la nani?

"La kabati lijalo."

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwepo. Lete skrubu."

Jumatano iliyofuata Bwana Jedwali alikuja akitembea haraka. Kabati lilikuwa limefika, kioo cha stika kiko safi, limefungwa sakafuni, limewashwa, na mji ule ulikuwa unaongea tena.

"Simu ya kwanza kupita kwenye kabati imekuja hapa ofisini," alisema. "Ya fundi wao. Anauliza magurudumu manne tuliyoyatia kwenye mfuko ndani ya kasha ni ya nini."

Breki alikaa chini kwa kucheka. Mama Kasha alingoja.

"Na katalogi?"

"Bosi ameirudisha kwa wenyewe." Alimpa karatasi. Ilikuwa fomu ya ndege nyingine, makabati mawili, nchi nyingine. Palipoandikwa kimo palikuwa patupu. "Hapo nimepaacha, mama. Ujaze wewe."

"Mimi? Wewe ndiye meneja." Akafungua futi yake ya kupimia, akamtupia ncha. "Makabati yako ukumbini. Twende ukapige magoti. Shika hapo, na usilegeze."