Mkebe wa Dorothée

Vita vilipofunga njia ya maboti, mikebe iliadimika mjini Baraka, na Casimir, fundi wa koroboi, zile taa za mikebe, akabaki na nyundo bila kazi. Basi mkewe Dorothée akawa harudi kutoka shamba bila kumwokotea mkebe, wa sardini au wa maziwa, hata ulioliwa na kutu. Mapenzi yao yalikuwa hayo. Na Casimir msimdhanie mtu wa kushukuru: alipokea, akagongagonga, akasema utafaa.

Siku moja Dorothée alifika uani na kitunga mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso, kama wanavyobeba kina mama wa Fizi. Furaha ilimjaa.

"Baba Placide, leo nimekuletea mukebe muzuri! Iko wa kijani, muzito, na kifuniko yake. Mvua iliufukua kule basoda ba vita balikuwa banalala."

Casimir alichungulia kitungani. Kitu cha mviringo kilikuwa kimebanwa katikati ya mihogo. Bertin, fundi mwenzake, alipoteza mikono yote miwili kwa bomu la kutegwa ardhini, la namna hiyo hiyo.

Kwa kawaida mama akifika nyumbani huubwaga mzigo, puu! Dorothée alishaanza kukunja magoti.

"Mama Placide, usitue," Casimir alisema kwa upole ambao hata yeye hakujua anao. "Simama hivyo hivyo. Nipe kamba."

"Mwanaume anabeba kitunga? Bantu batatucheka!"

"Bacheke."

Aligeuka wakawa mgongo kwa mgongo, akaupokea uzito, akaihamishia kamba kichwani mwake. Majirani walicheka kweli. Mmoja alimwuliza sombe, yaani kisamvu, anauza bei gani. Casimir alitoka uani polepole, mkewe akimfuata. Walipofika kwenye shimo la udongo wa matofali, nje ya mtaa, alimwambia mkewe ukweli na kumsihi arudi. Dorothée alilia, lakini kurudi alikataa katakata. Alikishika kitunga kwa chini, wakakishusha pamoja, polepole, kama wanalaza mtoto mchanga. Kisha wakaziba njia kwa matawi ya miti.

Chakula chao chote kilibaki shimoni. Walipokuwa mbali, Casimir aliketi njiani. Aliishika mikono ya mkewe, akaitazama kidole kwa kidole.

"Usiniletee tena kitu," alisema. "Kuya tu we mwenyewe."