Niliizima Sauti ya Mama Mkwe

Admin, naomba unifiche kabisa, maana watu wa kwetu Nyamira wamejaa kwenye ukurasa huu na wananijua kwa kazi yangu. Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa, nina watoto wawili. Mume wangu ni kitinda mimba kwao.

Kazi yangu ni kuhariri picha na video nikiwa nyumbani, kwa simu na laptop kuukuu niliyonunua Kisii mjini. Harusi, ubatizo, mazishi, zote nafanya. Nilijifunza kwa kutazama mafunzo mtandaoni: nikaanza na kukata vipande, nikaja kwenye mwangaza na rangi, kuandika majina, kuweka wimbo. Siku hizi hata akina mama wa kanisa huja niwafundishe, na jambo la kwanza ninalowaambia ni wasiiguse kamwe video ya kwanza. Tengeneza nakala, chezea nakala. Mkifika mbele mtanicheka, na mna haki.

Dada ya mume wangu, nitamwita Moraa, alirudi nyumbani na binti yake baada ya ndoa yake kuvunjika. Miaka sita ameishi na mama mkwe, akimpikia, akimwogesha alipoanza kuugua. Lakini kwetu nyumba ya mama huwa ya kitinda mimba. Kila mtu alijua mama akiondoka nyumba ni yetu, na Moraa hakuna aliyekuwa akimhesabu.

Mchana mmoja Moraa akiwa amepeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia, mama mkwe aliniita nje ya jikoni. "Mokamwana," alisema, maana ndivyo alivyoniita mimi mke wa mwanawe, "nichukue video na hiyo simu yako. Nataka kuongea nikiwa na akili zangu." Akaongea Kikisii karibu dakika kumi. Alisema nyumba ni ya Moraa na mtoto wake, mtu asiwatoe. Mwanawe mdogo ana mikono, ajenge kule chini karibu na majani chai. Mwisho akatabasamu, akaniambia niiweke mpaka siku watu watakapoketi.

Sitawadanganya, iliniuma. Nilikuwa nimeshapanga hata chumba cha kufanyia kazi yangu mle ndani. Lakini niliitunza.

Wiki tatu baadaye mama akafariki. Kamati ya mazishi ikataka video fupi ya kuonyeshwa kwenye skrini, mama akiwa anatabasamu, na tabasamu lilikuwa kwenye ile tu. Nikaikata ikabaki dakika mbili, nikang'arisha uso. Sauti nikaizima, kwa sababu upepo ulikuwa unavuma, ng'ombe analia, na maneno yenyewe hayakuwa ya umati. Nikaweka wimbo wa kwaya. Wakati wa kuhifadhi, simu ikasema imejaa, ikaniuliza: nakala mpya, au ichukue nafasi ya ile ya kwanza? Wageni walikuwa wananiita huku na huku. Nikabonyeza ichukue nafasi. Kisha nikafuta hata takataka zote za simu ili nipate nafasi ya kurekodi mazishi.

Nilijua video nzima iko kwenye laptop. Haikuwa huko. Niliyokuwa nimehamisha ni nyingine, mama akiimba huku akichambua mboga. Fundi wa Kisii mjini alikaa na simu siku nne, akanirudishia akiniambia pole.

Familia ilipoketi nilisema yote, neno kwa neno. Shemeji mkubwa akauliza, "Video iko wapi?" Nikaionyesha. Mama anasogeza midomo, kwaya inaimba. "Kwa hivyo mama alikuwa anaimba kwaya?" akasema, na watu wakacheka. Moraa hakucheka. Alinikazia macho akasema, "Wewe si ndio fundi wa kukata? Ulikata penye ilikuwa inakuuma."

Mume wangu alinyamaza kimya. Huyu nilimweleza maneno ya mama siku ile ile aliyoyasema, na anajua sidanganyi. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mungu ametusaidia na wewe unataka kuharibu. Ukirudia hayo maneno, urudi kwenu." Moraa ameambiwa shule zikifungwa ahame. Ahamie wapi na mtoto, hakuna aliyesema.

Ile video ya kwaya Moraa anayo kwa simu yake. Huitazama akiwa jikoni, anaisimamisha, anairudisha nyuma, anamwonyesha binti yake. "Hapa ametaja jina langu. Angalia midomo." Mimi namsikia kutoka kwangu, na kweli, pale ametaja jina lake.

Wiki jana shetani, au sijui ni nani, akanionyesha njia. Siku hizi kuna programu ukiipa sauti ya mtu inatengeneza maneno mengine kwa sauti hiyo hiyo. Nikaipa ile sauti ya mama akiimba, nikaandika maneno yake yale yale ya kweli. Sikuongeza hata moja. Sauti iliyotoka ni yake kabisa, lakini mashine haijui Kikisii. Iliyavunja maneno kama mgeni anayesoma barua asiyoielewa. Hakuna mtu wa kwetu angedanganyika.

Lakini Moraa alikuwa nje anafua. Alisikia sauti ya mamake, hakusikia maneno. Akaingia mbio, mikono ina povu, analia na kucheka kwa pamoja. "Umeipata? Dada, umeipata?"

Nikashtuka, nikaifuta mbele ya macho yake.

Sasa ameambia kijiji kizima kwamba sauti ya mama ninayo, na kwamba ameniona kwa macho yake nikiifuta. Nikimweleza ilikuwa ya mashine, atajua naweza kutengeneza mama, na hata ukweli niliousema kikaoni utaonekana nimeutengeneza. Nikinyamaza, mimi ndiye niliyemfukuza. Zimebaki wiki tatu shule zifungwe. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nimwambie nini huyu dada?