Bakuli la Wali wa Kobe

Kwanza nilisikia kisu. Kilikuwa kikinolewa juu ya jiwe uani, kwenda na kurudi, bila haraka. Nilikuwa bado kitandani, nimefumba macho, nikijiuliza ni nani anayenoa kisu nyumbani kwetu kabla ya chai. Mama hakunoa namna ile. Yeye hukwaruza mara tatu, basi. Huyu alikuwa akinoa kama mtu anayevuta uradi.

Alikuwa kaka yangu. Nilimkuta amechutama, amejifunga kikoi, na mbele yake gunia limefunguliwa. Ndani ya gunia, katikati ya maranda ya mbao, mlikuwa na bonge la barafu linalofuka moshi, na juu yake pande la nyama ya ng'ombe aliyoifuata buchani Nguvumali mara tu baada ya sala ya alfajiri. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba na sikuwa nimewahi kuona barafu iliyozidi ngumi. Niliigusa nikaona inaunguza.

"Leo nampikia mama," alisema. "Mashua ya kuturudisha mabaharia melini inaondoka baada ya alasiri. Asiponipa radhi, dada, sipandi."

Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ametoroka, akaajiriwa jikoni melini, bila kumuaga mama. Baba alikwisha fariki, na kaka ndiye mwanamume pekee aliyebaki nyumbani. Sasa, katika miaka ya hamsini, alikuwa amerudi na meli ya Kijapani iliyokuja Tanga kupakia mkonge. Siku tisa alikaa nasi, na siku tisa mama hakumsemesha. Asubuhi kaka akisema shikamoo, mama aliitikia marahaba huku akiutazama ukuta, kwa kuwa salamu haiachwi bila jibu. Mengine yote yalipita kwangu. Mwambie nduguyo maji ya kuoga tayari. Mwulize nduguyo kama shati hili ni la kufuliwa. Na wote wawili wamekaa ukumbi mmoja, magoti yao karibu yagusane.

Siku ile mama alikaa karibu na mlango wa jiko, juu ya mbuzi yake, akakuna nazi na kumpa mwanawe mgongo nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa ikitazama.

Na palikuwa na la kutazama. Nyama ilikuwa imekazwa na baridi, na kaka aliikata kama seremala anayepiga randa, vipande vikianguka vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Aliinua kimoja juu, nikaona jua la asubuhi likipita ndani yake, jekundu, na mafuta yamechora humo kitu kama mito. Kwetu nyama ilikuwa madonge, ilichemshwa nusu siku kwa papai bichi ndipo ikubali jino. Sikujua kama nyama inaweza kuwa na mwanga ndani.

Alikata vitunguu na tangawizi, akapima sukari kwa kijiko, akatoa chupa ya mchuzi mweusi.

Mama akanituma nimwulize kaka kama ndani ya chupa mna ulevi. Kaka akaeleza, bila kugeuka, kwamba ni soya na ngano na chumvi, vimelazwa mapipani mwaka mzima. Wajapani wenyewe hutia pia pombe ya mchele. Hiyo ameiacha, ataongeza maji na sukari. Mama akaipokea chupa, akainusa, akainusa tena, akanirudishia.

Kosa alilipata kwenye wali. Kaka aliosha mchele mpaka maji yakatoka maangavu, akauteleka mtupu.

"Mwambie nduguyo," mama alisema, "wali usio nazi wala chumvi hupewa mgonjwa."

Kaka aliacha kukoleza moto.

"Mwambie mama, nami nilipewa huo nikiwa mgonjwa."

Kisha akasimulia, akiviambia vitunguu, si sisi. Homa ilimshika bandarini Kobe, kule Japani, meli ikaondoka bila yeye. Mjane mmoja mwenye mgahawa wa viti sita alimpa chumba cha juu. Vita vilikuwa vimemchukulia mwanawe. Kila adhuhuri alipanda ngazi na bakuli moja, wali chini, nyama na mchuzi wake juu, akakaa kumtazama mpaka amalize. Miezi miwili. Na kaka, kila tonge, alikuwa akiwaza kwamba homa ile ni kukosa radhi ya mama yake.

Safari hii sikuwa na la kufikisha. Mama alikuwa amesikia, na mkono wake ulikuwa umesimama juu ya nazi.

Kaka alikwenda kuoga na kusali adhuhuri, akauacha wali juu ya makaa. Hapo mama akainuka, akafunua sufuria, akamimina tui zito na chumvi kidogo, akafunika. Hakufanya kwa hila. Mkono wake ulikuwa umetia tui katika kila wali tangu alipokuwa mwali. Nadhani pia hakuweza kuvumilia mwanawe ale wali mtupu mara ya pili. Lakini mimi niliona barafu, gunia, chupa iliyovuka bahari, na safari yenyewe, vyote vimezama katika tui lile.

Kaka alirudi, akafunua. Mvuke wa nazi ukampiga usoni. Mama alikuwa akitazama chini, kwa mara ya kwanza siku zile yeye ndiye mwenye hatia. Kaka alichukua punje chache, akatafuna muda mrefu. Kisha akachemsha mchuzi mweusi na vitunguu, akatumbukiza nyama. Kufumba na kufumbua wekundu ukageuka, ikawa imeiva. Akapakua wali wa nazi katika mabakuli matatu, sisi tuliozoea sinia moja, akaweka nyama juu, na mchuzi ukashuka taratibu ndani ya weupe. La mama alimpa kwa mikono miwili.

Nimekula mengi tangu siku ile, na ladha ya bakuli lile sijaisahau. Utamu ulitangulia, chumvi ikafuata, tangawizi ikapita kooni kama pumzi ya mtu, na chini ya yote ile nazi ya kwetu, imetulia. Niliogopa kumeza.

Mama alifika nusu ya bakuli, akaliweka chini.

"Alikuwa akikuitaje, huyo mama?"

Nilikwisha fungua mdomo kulipeleka swali, ndipo nikatambua kwamba halikuwa langu.

"Jina langu lilimshinda, mama," kaka alisema. "Akigonga bakuli kwa kijiti cha kulia mara mbili, najua naitwa."

Mama alimaliza wali wote, akanywa na mchuzi uliobaki. Akanawa. Akaweka kiganja chake chenye maji juu ya kichwa cha kaka.

"Nimekuwia radhi, mwanangu. Ukifika kwake, mwambie nimemshukuru."

Kaka aliinama mpaka paji la uso likagusa goti la mama, akakaa hivyo, wala hakuna aliyemharakisha.

Alasiri ilipoadhiniwa alisali, akabeba mfuko wake. Mama hakwenda bandarini. Alisema tu asichelewe mashua. Kaka akatoka, akageuka kututazama mara moja, kisha akauvuta mlango nyuma yake, polepole, mpaka komeo likaanguka.